Paka Hana Wivu, Amepotelewa na Nyumba

Mama mkwe alipofika kutoka Arua, paka wetu Shombo aliingia chini ya kitanda na hakutoka hadi usiku wa siku ya pili. Siku ya tatu, ile ambayo wahenga walisema mgeni apewe jembe, paka alipanda juu ya godoro la mgeni akakojoa katikati, mchana kweupe, mwenye godoro akimtazama. Mama akaniita kwa sauti ya mtu aliyekwisha kutoa hukumu: "Mwanangu, huyu paka wako ana wivu. Hanitaki hapa."

Hukumu hiyo nimeisikia katika nyumba nyingi za Kampala. Bwana akioa, paka anamwonea wivu bibi harusi. Mtoto akizaliwa, paka anakionea wivu kichanga. Akija msichana wa kazi mpya na paka akamkimbia, basi paka ana kiburi. Wapo pia wanaonong'ona kwamba paka ameona kwa mgeni kitu ambacho sisi hatukioni, na hapo mambo huharibika kabisa, maana anayechunguzwa sasa si paka tena bali mgeni.

Ubaya wa neno wivu ni kwamba linatuelekeza kwenye dawa isiyofaa. Ukiamini paka ana wivu, utambeba umkabidhi mgeni "wazoeane". Ukiamini analipiza kisasi, utamchapa. Paka mwenye hofu akibebwa kwa nguvu au akichapwa anajifunza jambo moja tu: mgeni akiwapo, mabaya hutokea. Kwa hiyo tuanze upya, tuangalie kinachompata.

Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, mnyama ambaye mpaka leo yupo katika savana za bara hili, Uganda ikiwamo. Wazee wake walianza kukaa karibu na watu Mashariki ya Kati yapata miaka 10,000 iliyopita, wakifuata panya waliofuata maghala ya nafaka. Paka-mwitu huyo huwinda peke yake. Mbwa ametokana na wanyama wa kundi, kwa hiyo mbwa akiwa na wewe yuko nyumbani hata mkihamia Gulu kesho. Mnyama anayeishi peke yake hategemei kundi, hutegemea mahali. Anajua maji yako wapi, njia ya kukimbilia iko wapi, na nani hupita saa ngapi. Na kwa kuwa ana kilo tatu au nne tu, yeye ni mwindaji ambaye naye anaweza kuwindwa. Kila kipya kwake ni hatari mpaka kithibitike vingine.

Mahali hapo amepachora kwa harufu. Paka ana tezi mashavuni, kidevuni, kwenye paji la uso, nyayoni na kwenye shina la mkia. Anapojisugua kwenye mguu wa meza, kwenye fremu ya mlango, au kwenye gauni lako ukitoka sokoni, anaacha alama inayosema: hapa pamekaguliwa, ni salama. Zaidi ya pua, ana kiungo kingine kidogo juu ya kaakaa kinachosoma harufu za wanyama wenzake. Ukimwona amenusa kitu kisha akabaki mdomo wazi kama mtu aliyeambiwa bei ya nyama, hacheki wala hachukizwi. Anasoma.

Sasa fikiria tunachofanya mgeni akikaribia. Tunapiga deki nyumba nzima kwa dawa yenye harufu kali. Tunafua mapazia, tunasogeza makochi, tunatoa zulia juani. Nyumbani kwetu, mgeni wa heshima akiingia chumba hufukizwa udi. Kwetu hayo ni mapokezi. Kwa paka ni kana kwamba umeamka asubuhi ukakuta alama zote za Kampala zimeondolewa. Mji huu hatuelekezani kwa majina ya barabara. Tunasema ukifika kwenye stendi ya petroli shuka, pita steji ya boda, ukiona mwembe kata kushoto. Ng'oa mwembe, hamisha steji, paka rangi stendi, halafu umwambie mtu atafute kwake. Ndani ya kwake huyo umweke mtu asiyemjua, amelala.

Mama alikuja na harufu zake pia: dawa ya kuchua magoti, kahawa yenye tangawizi, sanduku lililopita kwenye buti la basi. Alikuja na fimbo inayogonga sakafu. Na aliamka saa kumi na moja kwa sala ya Alfajiri, akawasha taa na birika, saa ambayo miaka minne mfululizo ilikuwa ya Shombo peke yake. Paka huchangamka zaidi alfajiri na magharibi, na humo ndimo hupanga ratiba yake. Tulikuwa tumembadilishia harufu, sauti na saa kwa siku moja, kisha tukashangaa.

Kuhusu godoro, ilinichukua siku mbili kuona kilichokuwa mbele ya macho yangu. Beseni lake la mchanga lilikuwa bafuni, na njia ya bafuni hupita mlangoni pa mama, mlango ambao sasa ulikuwa wazi, na fimbo ikigonga ndani. Paka alibanwa, akakosa njia. Godoro lilikuwa laini, tena ndilo lenye harufu kali kuliko vyote ya yule mtu asiyejulikana, na paka aliyetishika mara nyingi huchanganya harufu yake na ile inayomtisha ili mahali parudi kuwa pake. Tulihamisha beseni nyuma ya kochi, upande wa pili wa nyumba, na mkojo kwenye godoro ukakoma. Hofu haikuisha, ila aibu iliisha, na katika nyumba yenye mama mkwe hilo si jambo dogo.

Ndiyo maana mtu akinieleza kisa cha paka na mgeni, swali langu la kwanza linahusu njia. Chakula kiko wapi, maji yako wapi, mchanga uko wapi, na je, paka anaweza kuvifikia vyote bila kupita mbele ya mgeni? Mara nyingi chuki yote imejengwa juu ya ukumbi mwembamba.

Kufua godoro nako kuna elimu yake. Wengi hukimbilia dawa ya klorini kama Jik. Klorini ikikutana na mkojo hutoa hewa inayowasha macho na kifua, na harufu inayobaki inaweza kumrudisha paka palepale. Loweka kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga yenye vimeng'enya, vile vinavyovunja uchafu, kisha suuza, pitisha siki iliyochanganywa na maji, kisha anika juani siku nzima. Godoro la sponji hunywa mkojo mpaka chini, kwa hiyo usijidanganye kwa kusugua juu tu.

Kabla hatujaendelea, kuna jambo ambalo si la kusubiri. Msongo wa mawazo kwa paka hushuka mwilini, na mahali unapopenda kushukia ni kibofu. Kibofu huvimba bila vijidudu vyovyote, paka akaenda mchangani mara kwa mara, akatoa matone, pengine yenye damu. Kwa dume, njia ya mkojo ni nyembamba na inaweza kuziba kabisa. Ukimwona dume amechuchumaa, anajikamua, analia, na hakuna kinachotoka, usimsingizie mgeni wala usingoje kesho. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Wengi wa mtaani wamezoea ng'ombe na kuku, kwa hiyo uliza mapema, wakati paka bado mzima, nani karibu nawe anatibu paka. Makerere wana chuo cha tiba ya mifugo, na waliosomea huko wametapakaa mjini. Vilevile paka asiyekula kabisa siku mbili yuko hatarini, hasa mnene, kwa sababu mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza. Na tafadhali, usimpe Panadol. Kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Haya, tuseme si mgonjwa, ana hofu tu. Afanyiwe nini?

Kwanza apewe pa kujificha, na asitolewe humo. Watu wengi wanaona paka akijificha ndiyo tatizo lenyewe, wakati kwake hiyo ndiyo tiba. Mwaka 2014 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, waliwagawa paka wapya katika kituo cha wanyama: wengine walipewa boksi la kujificha, wengine hawakupewa. Wenye boksi walitulia mapema zaidi. Boksi tu! La sabuni, la biskuti, lolote lile, likatwe tundu, liwekwe pembeni mahali pasipopitwa na watu.

Maandishi mengi ya nje hushauri paka atengewe chumba chake kizima. Huku kwetu, ambako familia nyingi hukaa kwenye muzigo, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, ushauri huo ni kichekesho. Lakini chumba kidogo nacho kina urefu wa kwenda juu. Paka aliye juu anaona kila kitu na hakanyagwi. Ondoa masanduku mawili juu ya kabati, weka boksi hapo, panga kiti na meza iwe ngazi yake. Chini ya kitanda funika kwa shuka upande mmoja ili pawe na giza. Dirisha ambalo hupitia kati ya vyuma liache kama lilivyokuwa, usije ukalifunga eti asitoroke. Paka aliyezoea kutoka akifungiwa na mtu anayemwogopa huongezeka wasiwasi. Hofu ya kutoroka ni ya kweli, sikatai: paka aliyekasirishwa na nyumba huhamia kwa jirani, na jirani akiwa ametega sumu ya panya ile inayouzwa barabarani, paka atakula panya aliyekwisha kula sumu. Ndiyo maana chakula chake kizuri kitoke jioni, saa ileile kila siku, awe na sababu ya kurudi kabla ya giza.

Pili, harufu ya mgeni imfikie kabla ya mgeni mwenyewe. Hili ndilo ninaloliamini kuliko yote, na halina gharama. Chukua kitambaa safi cha pamba, msugue paka mashavuni anapokuwa ametulia na wewe, kisha kipitishe kitambaa hicho kwenye mguu wa kitanda cha mgeni, kwenye kona ya sanduku lake, kwenye mlango wake, usawa wa kichwa cha paka. Upande wa pili, omba leso ambayo mgeni ameivaa siku moja, uikunje uiweke hatua chache kutoka kwenye sahani ya chakula. Paka akila bila kuijali, isogeze. Akiikwepa, irudishe nyuma. Anayepima mwendo ni yeye. Na udi uhamie barazani kwa wiki mbili. Mama alikubali kwa shingo upande, nami nilimwelewa.

Zipo pia dawa za kutengenezwa zinazoiga harufu ya mashavu ya paka, za kuchomeka kwenye umeme. Matokeo ya utafiti juu yake yanapishana, na kifaa kinachotegemea umeme wa mtaani kwetu kina siku zake za likizo. Kitambaa kinatosha.

Tatu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu inagongana na adabu zetu. Mgeni asimsalimie paka. Asimwite, asimwinamie, asimtazame machoni, asinyooshe mkono. Akae, anywe chai yake, azungumze na watu. Kwa paka, kukodolewa macho ni vitisho, na mtu mzima anayemwinamia akiita "njoo, njoo" ni jabali linalomwangukia. Huenda umeona nyumbani kwako: paka huenda akalala mapajani pa mgeni yule mmoja asiyependa paka. Si ukaidi. Huyo ndiye pekee aliyemwacha apumue.

Lakini utamwambiaje mama mkwe kwamba dawa ni kumpuuza mwenyeji wake? Nilijaribu mara mbili, nikababaika. Kisha nikakumbuka Buganda, ambako mkwe wa kiume na mama wa mke hawagusani wala hawasogeleani, na anayevunja mwiko huo husemwa atapatwa na obuko, maradhi ya kutetemeka. Umbali ule si chuki, ndiyo heshima yenyewe. "Mama," nikamwambia, "mchukulie huyu kama mkwe wa Kiganda." Akacheka hadi akashika magoti. Tangu hapo kila Shombo alipopita alivuta leso usoni akageukia ukutani, kwa mzaha, na mzaha huo ulifanya kazi kuliko maelezo yangu yote.

Paka akianza kukaa chumba kimoja na mgeni, hata kama ni mlangoni, mgeni anaweza kumpa salamu ya kipaka: afumbe macho polepole, ayafumbue nusu, atazame pembeni. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba paka hukaribia zaidi mkono wa mtu wasiyemjua akiwa amewafumbia macho hivyo, kuliko akiwa na uso mkavu tu. Paka naye akirudisha kwa kufumba, mazungumzo yameanza. Mama alisema hiyo si salamu, ni usingizi, na yeye usingizi anao wa kutosha kumgawia.

Chakula kije baada ya hapo. Mgeni ashike mukene watatu wanne, wale dagaa wakavu wa ziwani, amtupie mmoja kwa upande, mbali kidogo, asimtazame. Kesho karibu zaidi. Asimwite aje kula mkononi. Mkono ni hatua ya mwisho kabisa. Wala msimshindishe paka njaa ili alazimike kumwendea mgeni, kwa sababu ile ya ini niliyokwisha kuitaja. Sahani yake ya kawaida ibaki, hawa mukene wawe nyongeza. Na mgeni mwenye dawa ya kuchua mikononi anawe kwanza kwa sabuni, kwani dawa zile zina mafuta ambayo paka akiyalamba humdhuru.

Mkono ukifika, uguse shavu au chini ya kidevu, kwa kidole, sekunde chache, kisha uondoke. Tumbo liachwe. Wahenga walisema paka hakubali kulala chali, na wa kwetu hulala chali akitaka, lakini kukuonyesha tumbo hakuna maana ya kukuruhusu uliguse. Masikio yakilala nyuma, mkia ukipigapiga, ngozi ya mgongo ikitetemeka, mboni zikipanuka zikajaa jicho, toa mkono. Akishauma au kuparura hadi damu, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, uende kituo cha afya, maana kichaa cha mbwa hupitia paka pia. Chanjo yake ya kila mwaka isisahauliwe.

Inachukua muda gani? Wengine wiki moja, wengine miezi. Mengi hutegemea alivyokulia. Paka hujifunza nani ni wa kuaminiwa kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake. Aliyelelewa na wanawake watupu katika wiki hizo anaweza kuwaogopa wanaume wote, sauti nzito na viatu vizito, bila mwanamume yeyote kumkosea. Aliyeokotwa sokoni akiwa mkubwa huenda asimkubali mtu wa pili maisha yake yote, na hapo shemeji itabidi aridhike kuvumiliwa.

Watoto wa bweni ni mtihani wa peke yake. Katika nchi hii wanarudi nyumbani mara tatu kwa mwaka, kila baada ya muhula, na kila mara paka huwapokea kama watu wapya: wamerefuka, sauti imevunjika, wananuka sabuni ya shule. Wazazi husema "lakini si anawajua?" Aliwajua, ndiyo, wakiwa na harufu nyingine. Fulana ya mtoto isiyofuliwa, ikibaki nyumbani mahali paka anapolala, huokoa siku nyingi za likizo.

Kwa bibi harusi ambaye sasa ni mjamzito, nyumba nyingi humfukuza paka kwa hofu ya toksoplazma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kimelea hicho kwenye mavi ya paka huhitaji siku moja hadi tano nje ndipo kiweze kuambukiza, kwa hiyo mchanga ukisafishwa kila siku, na mtu mwingine asiye mjamzito, hatari hupungua sana. Nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa ni njia kubwa ya maambukizi pia, na hakuna anayeifukuza nyama. Kichanga kikizaliwa, chandarua kilichokazwa vizuri kinazuia mbu na paka kwa pamoja. Ila paka na mtoto wasiachwe chumbani peke yao.

Mama alikaa nasi wiki saba. Wiki ya nne Shombo alianza kulala mlangoni pake, nusu ndani nusu nje. Wiki ya sita alipanda kitandani akajisugua kwenye fimbo, ile fimbo iliyomtia hofu mwanzo, mara mbili, akashuka. Mama hakutikisika, aliniambia baadaye kwamba hata pumzi aliizuia.

Kitu ambacho sikuwa nimekifikiria ni kuondoka kwake. Mgeni akiondoka nyumba hubadilika tena, na sisi hukimbilia kufua mashuka, kupiga deki na kurudisha makochi siku hiyohiyo. Safari hii nilijizuia. Nilirudisha fanicha kidogo kidogo, na leso moja ya mama, iliyosahaulika nyuma ya kochi basi lilipokwisha kuondoka, niliiacha palepale. Shombo analala juu yake mchana. Mama amepiga simu kuuliza leso yake, nikamwambia ina mtu.